Fulana ya siku moja haimkingi kijana

Kila ifikapo tarehe 26 Juni Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha siku ya kupiga vita matumizi na biashara haramu ya dawa za kulevya, siku iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987. Jinsi siku hiyo inavyoadhimishwa katika wilaya na kata zetu ni jambo lisilohitaji maelezo marefu. Asubuhi huwa maandamano yakiongozwa na gari lenye spika. Vijana huvaa fulana mpya zenye maandishi kifuani. Mgeni rasmi husomewa risala. Watoto wa shule hutoa ngonjera. Halafu hufuata mpira wa miguu, kuvuta kamba na kufukuza kuku. Jioni, washindi wakishakabidhiwa mbuzi na jezi zao, mahema hung'olewa na uwanja hufungwa. Kesho yake kijana aliyevaa fulana ile huamka saa tatu, hana shule, hana kazi, lango la uwanja lina kufuli, na mahali pekee panapompokea bila kumwuliza lolote ni kijiweni.

Ndugu msomaji asije akadhani kwamba mwandishi huyu ni miongoni mwa wanaobeza sherehe. Sherehe ina kazi yake. Hutangaza msimamo wa nchi, huwatia moyo wanaojitahidi, na mara nyingine ndiyo siku pekee ambapo mkuu wa wilaya na mzazi wa mtaani husimama chini ya hema moja kuzungumzia jambo moja. Hoja yangu ni nyingine. Tunapozungumzia shughuli za kijamii zinazomwepusha kijana na dawa za kulevya, tumezoea kuhesabu waliohudhuria na fulana zilizogawiwa, nasi tumesahau kuuliza swali moja: kijana huyu asipoonekana juma lijalo, nani atakayejua kwamba hayupo? Shughuli ambayo ina mtu wa kulijibu swali hilo inakinga. Ile isiyo naye, hata ikiwa na wageni rasmi watano, ni burudani.

Jambo lenyewe si dogo. Heroini ilianza kupenya katika mwambao wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, ikitoka Asia kwa njia ya bahari, na tangu hapo pwani yetu imekuwa njia ya kupitishia mzigo kwenda nchi nyingine. Lakini mzigo haupiti mahali bila kumwagika. Sehemu yake ilibaki Dar es Salaam, Tanga na Unguja, ikapata jina la unga, na wanaoutumia wakapewa jina la mateja, jina ambalo mimi silipendi kwa kuwa linamfanya mtoto wa mtu aonekane kama mnyama wa jamii nyingine. Serikali haikulala. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2015, na mwaka 2017 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikaanza kazi. Desemba 2023 Mamlaka hiyo ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini katika operesheni moja. Hapana budi kuwapongeza waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo, mfanyabiashara anayethubutu kuvusha shehena ya namna hiyo hafanyi hivyo kwa kubahatisha. Anajua kwamba wapo wanunuzi, na kwamba mwakani watakuwapo wengine wapya. Wanunuzi hao wapya ndio wanaotuhusu hapa. Leo wana miaka 13 au 14, na bado hawajaonja chochote.

Tuangalie kwanza kazi ya kuwatibu wale waliokwisha kuingia, maana inatufundisha jambo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya tiba kwa methadoni, miongoni mwa za kwanza za umma katika Afrika kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoa mingine. Kanuni ya tiba hiyo ni kwamba mgonjwa hufika kliniki kila siku. Si mara moja kwa mwezi. Kila siku, alfajiri, mvua inyeshe jua liwake, na hunywa dawa yake mbele ya mhudumu anayemfahamu. Huendelea hivyo kwa miezi na kwa wengi ni miaka. Asipofika, hujulikana kwamba hakufika. Ikiwa kumtoa kijana mmoja shimoni kunadai uangalizi wa kila siku, ni kwa hesabu gani tunaamini kwamba kumzuia asitumbukie kunahitaji siku moja kwa mwaka?

Wenzetu wa nchi nyingine wameijaribu njia ya mkato kwa fedha nyingi, na matokeo yake yamepimwa. Mwaka 1983 huko Los Angeles, Marekani, ulianzishwa mpango uliojulikana kwa jina la DARE, ambapo askari polisi aliyevaa sare aliingia darasani kuwafundisha watoto ubaya wa dawa za kulevya. Mpango ukapendwa, ukaenea nchi nzima na kuvuka mipaka. Wazazi waliupenda, walimu waliupenda, polisi waliupenda. Wataalamu walipokuja kuwalinganisha watoto waliopitia mpango huo na wasioupitia, waliona kwamba baada ya miaka michache hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Kuanzia mwaka 1998 Serikali ya nchi hiyo hiyo ilitumia mamia ya mamilioni ya dola kwa matangazo ya televisheni na redio yaliyowalenga vijana, na tathmini yake nayo haikuona kwamba matangazo hayo yaliwapunguzia vijana matumizi ya bangi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, katika mwongozo wake wa viwango vya kinga wa mwaka 2013 ulioboreshwa mwaka 2018 kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, inasema wazi kwamba mihadhara ya kutia hofu, na hata kumpandisha jukwaani mtu aliyeacha dawa ili aeleze maisha yake mbele ya wanafunzi, ni mambo ambayo hayajaonyesha faida na pengine huleta madhara.

Hili la mwisho litawaudhi wengi, kwani ushuhuda ndicho kiini cha mikutano yetu. Aliyeacha unga anastahili heshima yetu yote, na anastahili kazi. Lakini mtoto wa miaka 14 anapomwona mtu mzima, mchangamfu, aliyevaa vizuri, akishangiliwa na mkuu wa mkoa kwa sababu alitumia na akaacha, anaweza kuondoka na fundisho ambalo sisi hatukulikusudia: kwamba mtu huingia na kutoka.

Ipo nchi iliyofanya vingine. Iceland ni kisiwa cha baridi kali huko kaskazini ya mbali, chenye watu wasiofika nusu milioni. Katika miaka ya 1990 vijana wake walikuwa miongoni mwa walevi wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1998, kati ya wanafunzi 100 wa umri wa miaka 15 na 16, 42 walisema wamelewa katika mwezi uliotangulia. Waliokuwa wakivuta sigara kila siku walikuwa 23 katika kila 100, na waliowahi kuvuta bangi 17. Kufika mwaka 2016 waliolewa walikuwa 5, wavutaji wa sigara 3, na wa bangi 7.

Walifanya nini? Kwanza waliacha kuwahubiria vijana na wakaanza kuwauliza. Wanafunzi wa nchi nzima hujaza fomu bila kuandika majina, na haichukui muda kila shule na kila mtaa hupewa majibu yake wenyewe, si ya taifa tu, kiasi kwamba mzazi hawezi kusema tatizo liko kwa jirani. Majibu yaliwaonyesha mambo manne yanayomtenganisha anayetumia na asiyetumia: muda anaokaa na wazazi wake katika siku za kawaida za juma, kujisikia kwamba shuleni kuna mtu anayemjali, kutozurura usiku, na kushiriki shughuli iliyopangwa, iwe michezo, muziki au sanaa, mara tatu au nne kwa juma. Wakajenga juu ya hayo. Sheria iliweka saa za watoto kuwa nyumbani: wa miaka 12 na chini, mwisho saa mbili usiku, wa miaka 13 hadi 16, saa nne, na majira ya kiangazi huongezewa saa mbili. Wazazi wa darasa moja hutia sahihi makubaliano na jioni hutembea mitaani kwa zamu. Jiji la Reykjavik humpa kila mtoto kiasi cha fedha kwa mwaka cha kulipia ada ya klabu anayoitaka, ili mtoto wa maskini asibaki nje ya uzio akitazama. Na makocha husomeshwa.

Katika habari hiyo liko jambo moja ambalo wapenzi wa mpira, nami nikiwamo, hatupendi kulisikia. Waligundua kwamba mpira wenyewe haumlindi mtu. Wale waliocheza katika klabu iliyopangwa, yenye mwalimu na ratiba, walikuwa salama zaidi. Wale waliojichezea tu bila mtu mzima hawakuonyesha kinga ya namna hiyo. Hata mwongozo wa Umoja wa Mataifa unatahadharisha kwamba michezo kwa jina la michezo si dawa. Hapa kwetu hatuna haja ya kuagiza ushahidi. Nani asiyejua uwanja wa mchangani ambao nyuma ya goli ndipo bangi inapovutwa, na ambao baada ya filimbi ya mwisho timu nzima huhamia kilabuni? Kinachokinga ni yule mtu mzima anayemfahamu mtoto kwa jina, akaona macho yake leo yamekuwa mekundu, akamwita pembeni.

Najua pingamizi litakalotolewa. Iceland ni tajiri. Sisi hatuna fedha za kumlipia kila mtoto ada ya klabu. Ni kweli. Basi tusiende mbali, twende Nairobi. Mwaka 1987, katika kitongoji cha Mathare, mahali pa vibanda vya mabati na mitaro iliyoziba, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA, kwa juhudi za mtaalamu mmoja wa Kanada aliyekuwa akiishi Kenya na vijana wa mtaa wenyewe. Hawakuwa na chochote ila mipira na takataka. Wakaunganisha viwili hivyo: timu ilipata pointi uwanjani kwa kushinda, na ilipata pointi pia kwa kusafisha mtaa. Vijana wakubwa kidogo wakawa waalimu na waamuzi wa wadogo. Ligi ikawa haina mwisho, kila juma kuna mechi, kila juma kuna kusafisha. Maelfu ya wavulana na wasichana wakaandikishwa, na timu iliyozaliwa humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kikombe si hoja yangu. Hoja ni kwamba palipokuwa na umaskini mkubwa kuliko wa Manzese au Vingunguti iliwezekana kuwa na daftari la majina, na mtu wa kulisoma kila Jumamosi.

Wala sisi wenyewe hatukuwa wageni wa jambo hili. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge mwanzoni mwa urais wake, alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Viwili hivyo viliwekwa katika nyumba moja, kwa imani kwamba kijana hulelewa pamoja na ngoma yake. Vyama vya wafanyakazi vikawa na bendi, NUTA Jazz mwaka 1964. Vijana wakawa na yao, Vijana Jazz, mwaka 1971. Jeshi na polisi nao hawakukosa. Mijini, mwishoni mwa juma, palikuwa na dansi la mchana la vijana, lenyewe likiitwa bugi, ambalo lilianza jua likiwaka na kwisha kabla ya usiku kuingia, mlangoni akisimama mtu anayejua nani mtoto wa nani. Siandiki haya kwa kuililia jana. Miaka hiyo nayo ilikuwa na pupa yake ya kupiga marufuku: mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam waliona kwamba njia ya kuwatengeneza vijana ni kuupiga marufuku muziki wa soul. Muziki ulipigwa marufuku, vijana wakaendelea kuusikiliza. Kilichodumu katika kumbukumbu za wazee wetu ni ule ukumbi uliokuwa wazi, na amri ya kuufunga imesahauliwa.

Leo kuna nini? Kuna vingi kuliko tunavyodhani, ila havina mgeni rasmi. Anayetaka kuona aamke alfajiri ya Jumamosi au Jumapili, Temeke, Ilala au Kinondoni, atakutana na vikundi vya wale wanaokimbia barabarani kwa kuimba, wenyewe wakiviita vikundi vya jogingi. Wamevaa sare waliyochangishana. Katikati yao wamo makuli, mama lishe, madereva wa bodaboda, watumishi wa Serikali, na pembeni mwao watoto wanaokimbilia nyuma. Wana mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Mwenzao akifiwa huchanga, akiugua hutembelewa, na kikundi cha mtaa mmoja hualikwa na cha mtaa wa pili. Sasa mtu mwenye miadi saa kumi na moja alfajiri na watu hamsini watakaomcheka akikosa, hawezi kuwa na usiku wa kijiweni. Hakuna aliyemhubiria.

Halikadhalika kwaya. Kwaya ya kigango au ya usharika hufanya mazoezi mara mbili au tatu kwa juma, mwaka mzima, ina mwalimu, ina watoro wanaofuatwa majumbani. Madrasa nayo ina ustadhi anayewajua watoto wake hadi ukoo, na mashindano yake ya kuhifadhi Kurani hukusanya familia nzima. Vikundi vya sarakasi na ngoma, vikundi vya skauti, timu za netiboli za akina mama wa soko. Hayo yote ni mambo yenye pumzi ndefu. Ajabu ni kwamba tunapoandaa ‘shughuli ya kijamii dhidi ya dawa za kulevya’ vikundi hivi huitwa kuja kutumbuiza kwa dakika kumi, wakapewa soda na nauli, kisha jukwaa likaachiwa wenye risala. Wao ndio shughuli yenyewe; risala ndiyo ingepaswa kuwa ya dakika kumi.

Upande wa pili nao haujalala. Sherehe za usiku mitaani, zile zinazoitwa vigodoro, zimepigwa marufuku mara nyingi na hurudi kila mara. Hurudi kwa kuwa zinafanya jambo ambalo sisi tumeliacha: zinamkusanya kijana karibu na kwao, bila kiingilio, kwa muziki anaoupenda. Anayeuza puli na kete anajua kanuni ya kazi yake. Yeye hangoji tarehe 26 Juni. Yupo pale kila jioni na anawajua wateja wake kwa majina.

Liko jambo moja katika kalenda yetu ambalo sijaona kata yoyote ikilipangia mipango, nalo lingetosha kuwa kazi ya kuanzia. Mtoto wa darasa la saba hufanya mtihani wake Septemba, naye hatakanyaga kidato cha kwanza hadi Januari. Kijana wa kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, hupata matokeo baada ya mwaka mpya, na kama amechaguliwa kuendelea na kidato cha tano huingia shuleni Julai. Hesabu mwenyewe: miezi minne kwa yule, na hadi minane kwa huyu. Miaka yote kabla ya hapo alikuwa na kengele, na mwalimu wa zamu, na daftari la mahudhurio. Siku moja vyote vinakatika. Wazazi wako kazini au sokoni. Yeye ana umri wa miaka 17, ana simu, hana senti, na hajui kama amefaulu au amefeli. Kama ningekuwa muuza unga, nami ningemfuata Novemba. Lakini sisi shughuli yetu kubwa tumeiweka Juni, wakati yeye anajiandaa kwenda kidato cha tano. Hata michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISETA, ambayo ni hazina kubwa ya taifa hili, haimgusi mhitimu huyo, maana yeye si mwanafunzi tena. Zaidi ya hayo, mashindano huchagua walio bora. Yule aliyeachwa katika mchujo wa kwanza wa kata, mzito wa miguu na mwenye haya, ndiye mwenye uhitaji mkubwa zaidi, na ndiye wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani.

Tusisahau wasichana. Shughuli zetu nyingi hupangwa saa kumi jioni, saa ambayo msichana anachota maji, anasonga ugali na kumwogesha mdogo wake. Halafu tunaandika katika taarifa kwamba wasichana hawana mwamko. Mahali ambapo kikundi kimekubaliana na akina mama juu ya saa, njia ya kurudia na nani anawasindikiza, wasichana hufika. Matumizi yao ya dawa huonekana kwa nadra kwa sababu hufichwa ndani, na sababu hiyo hiyo huwafanya wafike hospitalini wakiwa wamechelewa mno.

Sasa nije kwenye suala gumu zaidi, nalo ni la mahali. Hakuna shughuli ya kila juma pasipo kiwanja cha kila juma. Viwanja vya wazi katika miji yetu vimekatwa vipande. Kimoja kimekuwa gereji, kingine maegesho ya malori, kingine kina msingi wa ghorofa ambayo hakuna anayejua ni ya nani. Viwanja vikubwa vya mikoani, vingi vikiwa vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi na leo viko mikononi mwa Chama, hufunguliwa siku ya mechi ya ligi au siku ya mkutano. Na ofisi za matawi, ambazo wazee wetu walizijenga kwa matofali waliyofyatua wenyewe ili pawe mahali pa kukutania, baadhi yake zimekodishwa kuwa baa. Naandika hili katika gazeti la Chama kwa makusudi, kwa kuwa siamini kwamba mtu wa nje ndiye atakayetuambia. Kodi ya baa inalipa umeme wa tawi, ndivyo makatibu watakavyonijibu, na ni kweli inalipa. Lakini hatuwezi kumpokea kijana asubuhi katika semina ya kupiga vita ulevi kwenye chumba cha mbele, ilhali chumba cha nyuma kinasubiri saa kumi kifungue kreti.

Kuhusu fedha, napendekeza jambo la kawaida kabisa. Halmashauri ichukue hesabu ya adhimisho la siku moja: mahema, spika, fulana, posho, mafuta ya magari, chakula cha wageni. Iache nusu yake kwa sherehe, maana nimesema sherehe zina kazi yake, na nusu nyingine iigawe katika majuma 52. Itakuta kwamba inatosha kununulia mipira, ngoma na nyavu kwa vikundi kadhaa, na kumpa posho ndogo kijana mmoja mkubwa katika kila mtaa ambaye kazi yake ni kufungua uwanja saa tisa alasiri, kuandika majina, na kwenda kubisha hodi nyumbani kwa aliyekosa mara mbili mfululizo. Afisa michezo na afisa maendeleo ya jamii wapo tayari katika utumishi. Wapimwe kwa daftari hilo, si kwa picha za siku ya kilele. Balozi wa shina anazijua nyumba zake. Mwalimu aliyestaafu, ambaye sasa anashinda barazani, angefurahi kupewa darasa la muziki au la bao mara tatu kwa juma. Vijana wa vikundi vya jogingi waombwe, si kuamriwa, kufungua tawi la watoto.

Na wazazi tusijifiche nyuma ya halmashauri. Makubaliano ya saa za kuwa nyumbani hayahitaji kifungu cha bajeti. Wazazi kumi wa mtaa mmoja wakikubaliana kwamba hakuna mtoto chini ya miaka 16 atakayekuwa nje baada ya saa mbili usiku, na kwamba kila mmoja ana ruhusa ya kumwuliza mtoto wa mwenzake anakwenda wapi bila kutukanwa, wamefanya jambo ambalo polisi hawawezi kulifanya. Zamani ruhusa hiyo haikuombwa. Siku hizi mtu akimkanya mtoto wa jirani huambiwa achunge wa kwake, na watoto wanalijua hilo vizuri.

Kuna la mwisho, nalo ni la utaratibu wa vikao. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, siku tano tu baada ya adhimisho letu, na asiyependa kudhania mabaya atasema ni sadfa kwamba shughuli hii hufanyika wakati vifungu vinatafuta pa kumalizikia. Mipango ya mwaka unaofuata huanza kujadiliwa katika mitaa na kata miezi mingi kabla, karibu na majuma yale yale ambayo watahiniwa wa kidato cha nne wanatoka katika chumba cha mtihani. Diwani anayeingia katika kikao hicho anaweza kuomba kitu kimoja kisicho cha gharama: orodha ya viwanja na kumbi zote za kata yake, pamoja na jina la anayeshika ufunguo wa kila kimoja. Orodha hiyo ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya kata kabla ya Novemba, ili kijana aliyemaliza mtihani ajue mlango upi wa kugonga Jumatatu alasiri.